Ukienda ubalozini kwa ajili ya mwandishi aliyekamatwa, nenda na ombi linalofanyika

Nimefuatilia kesi za waandishi wa habari wanaokamatwa kwa miaka kadhaa sasa. Mimi sio wakili na wala sio mwanadiplomasia, nilikuwa mwandishi wa kawaida tu, alafu mwenzetu mmoja akakamatwa na ikabidi apatikane mtu wa kuzunguka na faili, nikawa mimi. Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo yupo pale nilipokuwa mimi siku ile, simu imejaa meseji, hasira zimempanda, na kuna mtu kamwambia "nenda ubalozini watakusaidia".

Siku ya kwanza nilikosea karibu kila kitu. Nilibeba ripoti ya kurasa zaidi ya 40, ina historia ya magazeti yaliyofungiwa, ina sheria zote mbaya, ina picha, ina kila kitu. Yule afisa alikuwa mtu mzuri kwakweli, alinisikiliza karibu saa nzima huku anaandika, mwishoni akaniuliza, "Sasa mngependa sisi tufanye nini?" Nikakosa la kujibu. Nikasema tu tusaidieni. Nilitoka pale moyo umetulia kidogo, lakini wiki mbili zikapita kimya, na ukifikiria vizuri hakuna ambacho kingetokea maana sikuwa nimeomba chochote.

Tangu hapo natembea na karatasi moja. Ukurasa mmoja, upande mmoja. Unaandika jina la mwandishi (kama amekubali litajwe, nitalirudia hili), chombo anachofanyia kazi, alikamatwa lini, saa ngapi na kina nani, saivi yuko mahabusu gani, anashtakiwa kwa kifungu gani cha sheria gani, wakili wake ni nani, na kesi inatajwa tena lini. Kitu ulichokiona mwenyewe au una hati yake kiandike kama kilivyo, kitu ulichoambiwa andika kwamba umeambiwa na nani. Usiongeze chumvi hata punje moja. Ukisema kapigwa wakati hukumwona na hakuna cheti cha daktari, alafu baadae ikajulikana hakupigwa, yule afisa anakuwa ameshawaandikia wakubwa zake kule kwao, na siku nyingine ukimpigia atakupokea kwa upole ule ule lakini hatoandika kitu. Nimeona watu waliojitolea miaka na miaka wakipoteza kuaminika kwa sentensi moja tu ya namna hiyo. Ombi linakaa chini kabisa ya ukurasa, peke yake.

Sasa ili ujue uombe nini inabidi uelewe mikono ya hawa watu inafika wapi. Kuna Mkataba wa Vienna wa mahusiano ya kidiplomasia, wa mwaka 1961. Kifungu cha 41 kinawakataza wanadiplomasia kuingilia mambo ya ndani ya nchi waliyopo, na hicho ndo serikali zote zinakijua kwa moyo, utakisikia kila mara balozi akifungua mdomo. Lakini mkataba huo huo, kifungu cha 3, unasema moja ya kazi za ubalozi ni kufuatilia kwa njia zote halali hali na matukio ya nchi uliyopo na kuripoti kwao. Kwahiyo akikusikiliza yuko kazini, hajakufanyia fadhila, na wewe ukimweleza hujaisaliti nchi yako. Na hili neno "mambo ya ndani" nalo lina mipaka yake, kwasababu Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 umeridhiwa na nchi zaidi ya 170, na kifungu chake cha 19 kinalinda haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Nchi ikiridhia inakuwa imewaahidi wenzake, sasa mwenzako uliyemwahidi akikuuliza ahadi imefikia wapi, kaingilia nini hapo?

Kwahiyo omba vitu vilivyo ndani ya uwezo wao. Balozi hawezi kumtoa mtu rumande, usimwombe hicho. Anaweza kuuliza swali kwenye kikao ambacho tayari kimepangwa na wizara, anaweza kupiga simu moja kwa mtu anayemfahamu, anaweza kuongea na mabalozi wenzake watoe tamko la pamoja. Kuna ule Muungano wa Uhuru wa Vyombo vya Habari ulioanzishwa 2019, una nchi zaidi ya 50 zilizoahidi kutetea hili jambo, angalia kama ubalozi unaoenda ni wa mojawapo na mkumbushe kwa adabu. Maoni yangu ni kwamba matamko yao mengi yanachelewa, ila kuwakumbusha hakugharimu kitu.

Na ukimwomba akaulize swali wizarani, mpe na maneno ya kusema. Afisa wa ubalozi hataki aonekane analeta maoni yake, anataka kitu kilichokwisha kuandikwa na chombo ambacho yule waziri hawezi kukibeza. Tuseme mwandishi anakabiliwa na kifungo kwa kosa la kashfa. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, kwenye Maoni yake ya Jumla namba 34 ya mwaka 2011, imesema kifungo hakifai kamwe kuwa adhabu ya kashfa. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, tarehe 5 Desemba 2014, ilimpa haki mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso ambaye alifungwa miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka. Kama ni nchi ya Kiafrika anza na hiyo ya Arusha kabla ya kutaja tamko lolote kutoka Ulaya, nimeona mwenyewe jinsi mazungumzo yanavyobadilika pale yule ofisa wa serikali akigundua anayemsahihisha ni mahakama ya bara lake.

Ila kama ningeambiwa nichague ombi moja tu maisha yangu yote, ningechagua waje mahakamani wakae. Wakae tu. Wasiongee na waandishi nje, wasipige picha, waje kwenye mahakama ya wazi wakae benchi la nyuma na daftari. Umoja wa Ulaya una miongozo ya kuwalinda watetezi wa haki za binadamu tangu 2004, na moja ya vitu inavyoziambia balozi zao ni kuhudhuria kesi, kwahiyo unaomba kitu ambacho tayari kipo kwenye maagizo yao. Nilishuhudia kesi ambayo upande wa mashtaka ulikuwa unakuja kila mara na hadithi ya "upelelezi haujakamilika", siku walipoingia wageni wawili wakakaa kimya nyuma, hakimu kwa mara ya kwanza akauliza upelelezi unakamilika lini, akataka tarehe. Sisi tulikuwa tumekaa benchi lile lile miezi yote hakuna aliyeuliza. Lakini kazi ya kuwafikisha pale ni yako wewe: mtumie jina la mahakama, namba ya chumba, saa, na jioni ya kuamkia siku yenyewe mkumbushe tena, na kesi ikiahirishwa mwambie hapo hapo na umpe tarehe mpya. Mtu akija mara mbili akakuta kesi imesogezwa na hukumwambia, ya tatu haji.

Mengine ya haraka haraka. Usichanganye kesi ya mtu na proposo ya kuomba fedha kwenye kikao kimoja, tafadhali sana, hata kama ofisi yenu haina kodi ya mwezi huo, rudi siku nyingine. Na wanadiplomasia wanahama, wengi wanakaa miaka mitatu minne tu, kwahiyo ukisikia wako anaondoka mwombe akukutanishe na anayekuja kabla hajafunga mizigo, la sivyo unaanza upya kabisa.

Kuna watu wananiuliza kuhusu Geneva, kule linakokaa Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. UPR, ule utaratibu ambao nchi zote 193 za Umoja wa Mataifa zinakaguliwa na wenzao mbele ya Baraza hilo kuhusu haki za binadamu, ulianza 2008 na kila nchi inafikiwa zamu yake baada ya takriban miaka minne na nusu. Asasi inaweza kupeleka taarifa yake, ukipeleka peke yenu mwisho ni maneno 2,815, na wengi wanaishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Siku yenyewe kikao ni masaa matatu na nusu, nchi nyingi zinataka kuongea, kila moja inapata kitu kama dakika moja na kidogo. Dakika moja! Ukitaka jambo lako liwe ndani ya hiyo dakika inabidi ubalozi ulioko kwenu uwe nalo miezi miwili mitatu kabla, ili walipeleke kwao, na kwao walipeleke Geneva. Na uwaandikie pendekezo lenyewe likiwa tayari. Ukiwaambia "iombeni serikali iheshimu uhuru wa habari" serikali itakubali huku inatabasamu, maana haijakubali chochote. Ukiandika "ifute adhabu ya kifungo kwenye kifungu fulani cha sheria fulani kabla ya mwaka fulani", hapo watalikubali au wataishia kusema wameliona, na wakilikubali una kitu cha kuwashikia kwa miaka minne ijayo. Mimi sehemu hii niliichelewa zamu nzima, tulipeleka mapendekezo wiki mbili kabla, balozi zote zikatujibu kwamba hotuba zimeshaandikwa.

Mlango mwingine ni wataalamu maalum wa Umoja wa Mataifa. Yule wa uhuru wa maoni na kujieleza nafasi yake ipo tangu 1993, aliwahi kuishika Mkenya Ambeyi Ligabo, na mwaka 2020 akaingia Irene Khan, mwanamke wa kwanza kuishika. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kwanza umalize mahakama zote za nchini, na wala haijalishi nchi yako imeridhia mkataba gani. Unajaza fomu, wakiona kuna jambo wanaiandikia serikali, kama ni barua ya tuhuma wanaipa siku 60 kujibu, alafu inawekwa hadharani. Kama mtu yuko hatarini leo wanaweza kuandika wito wa haraka. Sasa kwenye ile fomu kuna swali ambalo watu wanalipita mbio: je, mhusika amekubali jina lake litajwe kwa serikali, na je, amekubali litajwe hadharani?

Hilo swali mimi nililijua kwa maumivu. Kesi ya tatu niliyoshika, mtangazaji wa redio, nilikuwa nimeshajiona mzoefu, nina karatasi yangu nzuri, nikaenda balozi tatu kwa siku moja nikaomba tamko la hadharani na ndani ya siku mbili likatoka. Tulifurahi, tukalisambaza kila mahali. Usiku mkewe akanipigia. Kumbe wazee wa familia walikuwa wameshaongea na watu, dhamana ilikuwa itoke ile wiki, na baada ya tamko milango yote ikafungwa, akaanza kuitwa kibaraka wa mabeberu. Akaniambia, "Shemeji, mngeniuliza kwanza. Mimi ndo naenda pale getini kila asubuhi." Sikuwa na neno. Mume wake alikaa ndani wiki saba zaidi, na hata kama sio tamko lililomkwamisha, wa kuamua lipigwe kelele au tunyamaze walikuwa yeye na mumewe.

Alitoka, tunaongea vizuri, na shemeji ndo aliyeniruhusu niandike hii habari bila kutaja jina. Ule ukurasa wangu saivi una mstari mpya juu kabisa, kabla ya jina la mwandishi: nani kaulizwa, kasema nini, tarehe gani. Mstari ukiwa mtupu karatasi inabaki kwenye begi, hata kama balozi mwenyewe ndo kanipigia.