Sharpe: fuata mwaka filamu ilipotoka, si mpangilio wa vitabu

Mkuu, umeuliza kama filamu za Sharpe, askari Mwingereza wa vita dhidi ya Napoleon, zitazamwe kwa mpangilio wa riwaya za Bernard Cornwell. Hapana, utachanganyikiwa. Fuata ITV, kituo cha runinga cha Uingereza, walivyozirusha (kila jina hutanguliwa na Sharpe's): Rifles, Eagle (1993), Company, Enemy, Honour (1994), Gold, Battle, Sword (1995), Regiment, Siege, Mission (1996), Revenge, Justice, Waterloo (1997).

Tatizo ni Teresa, mke wa Sharpe. Kitabuni anaingia kwenye Gold, mwaka 1810. Kwenye runinga yupo tangu Rifles, anauawa na adui yao Hakeswill katika Enemy, ndipo Gold inafuata. Ukiirudisha Gold nyuma, utamkuta Sharpe mgane, halafu filamu inayofuata mkewe yu hai. Battle na Sword zina kasoro hiyohiyo. Gold yenyewe iruke ukitaka: riwaya imebaki jina tu, wameingiza mambo ya Kiazteki, watu wa kale wa Meksiko, katikati ya Hispania! Mission na Justice hazitokani na kitabu chochote.

Kingine, Sharpe wa riwaya ana nywele nyeusi. Sean Bean anayemwigiza hana nywele hizo, naye aliingia baada ya mwigizaji wa kwanza, Paul McGann, kuumia goti, na kwa maoni yangu bahati hiyo ndiyo iliyoibeba tamthilia.

Usiikose Eagle, hasa pale Sharpe anapowafundisha askari kupiga risasi tatu kwa dakika. Wanang'ata karatasi iliyofunga baruti na risasi, wanamimina baruti, wanatema risasi mtutuni, kisha wanagonga kitako cha gobori chini bila kutumia mdeki, yaani fimbo ya kushindilia. Hilo linawezekana kwa sababu risasi ya gobori ni ndogo kuliko mtutu, inateremka yenyewe. Hasara yake ni kwamba baruti haishindiliwi, nguvu inapungua, na ukiinamisha mtutu risasi inaweza kudondoka. Kwa bunduki ya Baker wanayobeba Sharpe na askari wake Harris, njia hiyo haifai kabisa: risasi huviringishwa ngozi ili ibane kwenye mifuo ya ndani, hivyo lazima isukumwe kwa mdeki. Ndiyo maana Baker ni ya polepole lakini inalenga mbali zaidi.

Vita vikubwa usivitegemee. Mapigano halisi ya Waterloo yalikuwa na askari zaidi ya laki moja. Hapa utaona kikosi kidogo tu, kamera ikiwa karibu karibu.

Challenge (2006) na Peril (2008), za India, ziache mwisho kabisa. Challenge inaanza na tukio la 1803, kisha inahamia 1817. Ukihamia vitabuni, anza na Eagle, ndiyo iliyotangulia kuchapishwa, 1981.