Ukiunda uongozi wa shirika la vijana, fikiria Ijumaa usiku

Juzi kijana mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, ameniandikia. Yeye na wenzake wamesajili kikundi cha kusaidia vijana waliomaliza shule wakakosa kazi, wale ambao wakikaa maskani mwaka mmoja zaidi watachukuliwa na unga au na panga. Akaniletea orodha ya uongozi. Mwenyekiti ni mwanasiasa wa wadi yao. Mlezi ni mfanyabiashara wa magari. Mwekahazina aliwahi kuwa meneja wa benki, katibu ni wakili. Chini kabisa, penye nafasi ya mjumbe, ameweka jina la binamu yake na kuandika kando: "huyu anajua mabaze yote," yaani vijiwe vya vijana. Kisha swali: "Mwalimu, timu hii si inatosha kupata mfadhili?"

Niliisoma mara tatu. Orodha hiyo naijua, maana ndiyo yangu ya mwaka 2013. Majina tu ndiyo yamebadilika.

Najua wengi mnaonisoma mna ndoto kama yake, ya kuanzisha shirika la vijana hapa Pwani na likasimama. Kwa hiyo namjibu hapa, mbele yenu nyote, na nitasema mambo ambayo sijawahi kuyasema hadharani.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari miaka kumi na minne. Niliacha chaki kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wakimaliza kidato cha nne Novemba, na ikifika Ramadhani inayofuata nawakuta kwenye kona za Mtopanga, huko Kisauni, macho yamelegea. Nikaanza na chumba kimoja, viti vya plastiki kumi na viwili na mpira mmoja. Watu wakaniambia shirika halisimami bila majina makubwa, nami nikaenda kuyatafuta. Nilipata wakili, meneja wa benki mstaafu, mwenye hoteli na mzee mmoja mwenye heshima ambaye kila mkuu wa wilaya alimjua. Nilijiona nimefika.

Kisha mambo yakatusukuma. Tarehe 2 Februari 2014 polisi walivamia Masjid Musa kule Majengo, wakakamata vijana zaidi ya mia moja, na tangu hapo kila mfadhili aliyeshuka uwanja wa ndege wa Moi alikuja na neno moja mdomoni: itikadi kali. Pesa zilikuwapo, na sisi tulizihitaji. Kijana yule yule tuliyemwandika mwaka 2013 kuwa yumo katika hatari ya dawa za kulevya, mwaka 2015 tulimwandika kuwa yumo katika hatari ya kusajiliwa na magaidi. Miaka michache baadaye, panga zilipoanza kutembea Kisauni, akawa yumo katika hatari ya magenge. Mwenyewe hajabadilika kitu. Alikuwa bado hana kazi, bado analala kwa nyanya yake, bado ananiomba shilingi hamsini ya nauli.

Bodi yangu ilikuwa hodari sana wa kubadilisha maneno hayo. Tulikutana hotelini Nyali kila robo mwaka, saa tatu asubuhi, kwenye chumba chenye baridi, sambusa zimepangwa kwenye sahani. Nisiwadhulumu: hakuna aliyeiba hata shilingi. Hesabu zilikaguliwa na zikawa safi. Lakini katika miaka mitano hakuna mmoja wao aliyefika Mtopanga baada ya jua kutua, nami sikuwaomba wafike.

Mtopanga kulikuwa na mtu mwingine. Vijana walimwita Kocha, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa ameacha unga na anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, kwenye kliniki ya Kisauni. Asiyejua dawa hiyo naye aelewe: kwa walio wengi hupewi chupa ukaenda nayo nyumbani. Unakwenda mwenyewe kila asubuhi, unainywa mbele ya mhudumu, siku zote, sikukuu pia. Basi tulipokuwa tukimwita kwenye bodi saa tatu asubuhi kutoa taarifa ya mtaani, alifika saa nne kasoro, amelowa jasho kwa kukimbilia matatu. Kwenye kumbukumbu za mkutano wakaandika: hazingatii muda. Nami nikaweka sahihi chini ya kumbukumbu hizo.

Ijumaa moja ya mwaka 2018 kukawa na msako. Kijana wetu wa miaka kumi na tisa alizolewa nje ya mlango wa nyanya yake. Katiba, kifungu cha 49, inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, anapelekwa siku ya kazi inayofuata. Kwa maneno ya mtaani, ukikamatwa Ijumaa jioni utamwona hakimu Jumatatu. Na angekuwa na miaka kumi na saba angepelekwa Mahakama ya Watoto pale Tononoka. Kwa kuwa alishatimiza kumi na minane, yeye ni mtu mzima, na njia ya mtu mzima huku kwetu inaishia gereza la Shimo la Tewa.

Nikapiga simu. Ya wakili imezimwa. Mwenyekiti yuko Nairobi. Mwenye hoteli ana harusi. Mwekahazina alipokea, akanisikiliza, akasema: "Mwalimu, tungoje kwanza tujue kama kweli hana hatia, tusije tukachafua jina la shirika."

Wakati sisi tunapigiana simu, Kocha alikuwa ameshafika kituoni kwa miguu. Alihakikisha jina la kijana limeandikwa kwenye OB, daftari la matukio la polisi, akampelekea mkate na maziwa, akarudi mtaani usiku huo huo kumtafuta jirani aliyekuwa naye msikitini saa zile wanazosema alishika panga. Jumatatu hakimu alitoa dhamana ya shilingi elfu ishirini. Shirika lilikuwa na fungu la dharura, tena limeandikwa kwenye bajeti, lakini kuzitoa kulitaka sahihi mbili na wote wenye sahihi walikuwa na shughuli zao. Nilichanga nikafikisha elfu kumi na mbili. Zilizobaki zilipatikana Jumatano. Kijana alilala rumande ya Shimo la Tewa siku mbili kwa sababu watu niliowachagua mimi hawakuwa na nafasi ya kupita benki. Kesi baadaye ilikosa ushahidi ikaondolewa. Yaliyompata siku zile mbili hajanieleza mpaka leo, nami sijathubutu kumuuliza.

Mwezi uliofuata Kocha aliomba kiti kwenye bodi. Wakajadili mbele yake. Mmoja akasema mtu aliyewahi kupora simu sokoni Kongowea hawezi kuwa mwenye sahihi ya shirika. Wakampa kitu kingine: awe balozi wa mradi, picha yake iwekwe kwenye bango, awe anatoa ushuhuda wageni wakija. Wote wakanitazama mimi. Nilikuwa nakoroga chai. Niliendelea kuikoroga.

Nje, kwenye ngazi, Kocha aliniambia, "Mwalimu, picha yangu mnaitaka, sahihi yangu hamuitaki." Hakupaza sauti. Wiki hiyo hiyo aliondoka.

Nimekuwa kiongozi miaka mingi, nimekosea mengi, lakini kosa hili ndilo linaloniamsha usiku. Walionyamaza wengine walikuwa hawamjui. Mimi nilimjua.

Miaka mitatu iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Corona ikaja, miradi ikakauka, na waheshimiwa wangu wakaondoka mmoja mmoja kwa barua nzuri za kunitakia heri. Mwaka 2022 nilikwenda Kongowea alfajiri kumtafuta Kocha, nikamkuta anashusha magunia ya viazi. Nilimwomba radhi pale pale, watu wanapita na mikokoteni wanatupigia kelele tupishe njia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa masharti matatu: mikutano iwe Mtopanga, iwe baada ya alasiri, na yeye awe na sahihi. Nilikubali yote. Naona fahari kubwa kusema kwamba sijavunja hata moja.

Sasa nije kwenye ushauri.

Chagua watu wanaopokea simu usiku. Ukiniuliza la pili, nitakwambia lile lile. Wakili asiyepokea simu Ijumaa usiku ni cheti tu kilichotundikwa ukutani. Sisi wakili wetu wa zamani tulimrudisha, maana ni mtu mwema na sheria anaijua, lakini alirudi kwa zamu kama wenzake. Kila wiki watu wawili wa uongozi wako zamu, nambari ni moja, kila kijana na kila nyanya anayo. Kabla ya mtu kuingia kwenye uongozi, anakaa maskani jioni mbili, bila kamera na bila fulana ya mradi. Watatu walituaga baada ya jioni ya kwanza, na nikawashukuru. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nimechoka kuongozwa na watu wanaosimuliwa habari za kunguni.

La sahihi ndilo lililonifunza zaidi. Tuna wenye sahihi watatu, wawili wanatosha, na lazima mmoja wao awe mkazi wa Kisauni. Fungu la dharura halikai benki lote. Kiasi kidogo kiko kwenye simu ya zamu na kila senti inaandikwa. Sisemi umkabidhi kijana aliyeacha unga jana pesa za shirika peke yake. Huko ni kumtega. Sahihi mbili humlinda yeye kwanza, maana siku pesa zikipotea, wa kwanza kushukiwa ni yeye, hata kama alikuwa amelala. Mtu mwenye historia yake anahitaji utaratibu ulionyooka kuliko meneja wa benki anavyouhitaji, na Kocha mwenyewe ndiye aliyedai tuandike hivyo.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na ikatubidi kupanga makaratasi upya, tulitumia nafasi hiyo kuandika katiba yetu upya kwa Kiswahili, tukaisoma kwa sauti kwa jioni nne. Tukaweka vipindi: miaka mitatu, mara mbili, basi. Hata kwangu mimi. Januari 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa, mradi wetu mmoja ulikufa ndani ya wiki moja. Hakuna kiongozi aliyeandika barua ya heri. Mama mmoja wa bodi, ambaye alimzika mwanawe kwa sababu ya unga, alileta sufuria yake ya mbaazi ili mafunzo ya uashi yaendelee na vijana wapate cha kula.

Ndugu zangu, acheni kuchagua viongozi kwa suti. Acheni kumweka kijana kwenye bango huku mkimnyima kiti. Kama shirika lako ni la vijana walio hatarini na kwenye meza yako hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa hatarini, hilo ni shirika la watu wazima wanaozungumza kuhusu vijana, na Mombasa tunayo ya kutosha. Mfadhili anakuja mara moja kwa mwaka, amelala hoteli, anaondoka Alhamisi. Ijumaa usiku huja kila wiki. Mpange uongozi kwa ajili ya Ijumaa.

Nimalizie na jambo la wiki tatu zilizopita, kwa sababu limenigusa na bado sijalizoea. Kulikuwa na msako tena, Ijumaa tena. Nilipata habari Jumamosi asubuhi kwa mama anayeniuzia samaki: vijana wetu wawili walikamatwa, na kabla ya saa sita usiku wakawa wametoka kwa dhamana ya polisi, bila kulipa hata shilingi, maana wakili alikuwa kwenye simu anamkumbusha afisa kwamba bondi ya polisi hailipiwi, na kwamba hata zikitolewa pesa taslimu lazima risiti itoke na zirudishwe kesi ikiisha. Kocha alikuwepo. Mama wa mbaazi alikuwepo. Mimi hakuna aliyenipigia.

Nilirudi nyumbani na samaki wangu nikiwa nimeumia. Miaka kumi na miwili simu ilikuwa ikilia kwangu kwanza. Nilikaa na uchungu huo hadi adhuhuri, ndipo nikampigia Kocha kumuuliza kwa nini. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, wiki hii hukuwa zamu."

Kipindi changu kinakwisha Desemba.

Sasa wewe mwanangu wa Likoni. Mwanasiasa mtoe, uchaguzi ukifika atakigeuza kikundi kuwa kambi yake. Mfanyabiashara wa magari muombe gari, usimpe cheo. Wakili na meneja wa benki waulize wako wapi Ijumaa saa nne usiku, na kama watavuka feri saa hizo. Na huyo binamu yako anayejua mabaze yote, kuanzia Shika Adabu mpaka Mtongwe, mtoe huko chini ulikomwandika. Mwulize kama atakubali kuwa na sahihi, na mwulize asubuhi huwa anakwenda wapi kabla hujapanga saa ya mkutano. Halafu nipigie, Jumanne baada ya magharibi, mje nyote wawili kwenye simu.