Bibi wa Runingani na «Mjukuu» Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, mwenzangu anashikilia kwamba yule bikizee mcheshi wa The Kumars at No. 42, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Uingereza, ndiye aliyeandika riwaya ya Anita and Me. Mimi nakataa, kwani bibi wa makamo yale hawezi kuwa mtoto wa miaka ya sitini na sabini inayosimuliwa kitabuni. Nani amekosea? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Umekosea wewe, ila kosa lako ni sifa kwake. Meera Syal, aliyeigiza bibi huyo na kuandika riwaya hiyo, alizaliwa mwaka 1961, kwa wazazi Wapunjabi waliohamia Uingereza kutoka India. Kipindi kilipoanza mwaka 2001 alikuwa na miaka 40 tu, na uzee wote ule ulikuwa wa vipodozi na mvi za bandia. Tena Sanjeev Bhaskar, aliyeigiza mjukuu wake, ndiye aliyemwoa mwaka 2005.

Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1996. Ndani yake Meena, binti wa familia ya Kihindi katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe, anatamani kufanana na Anita, msichana Mwingereza mtundu, na hapo mwandishi amechota kwenye utoto wake mwenyewe katika kijiji cha Essington, karibu na Wolverhampton. Alikuwa amekwisha kuandika filamu ya Bhaji on the Beach (1993), iliyoongozwa na Gurinder Chadha, mzaliwa wa Nairobi, kuhusu wanawake wa Kiasia wanaokwenda kutembea ufukweni Blackpool.

Umaarufu mkubwa ulimjia kwa Goodness Gracious Me, vichekesho vilivyoanzia redioni mwaka 1996 na kuingia runingani mwaka 1998. Katika igizo fupi linalokumbukwa kuliko yote, Wahindi waliolewa wanavamia mgahawa wa Kiingereza, wanaboronga jina la mhudumu na kuagiza chakula kisicho na ladha kabisa, kama vile Waingereza walevi wanavyoshindania pilipili katika migahawa ya Kihindi. Kwa maoni yangu, jicho hilo la mgeni anayemgeuzia mwenyeji kioo ndilo lililoandika riwaya pia, ingawa riwaya inauma zaidi.

Baadaye aliandika riwaya nyingine mbili, mwaka 1999 na 2015. Ukitaka kumaliza ubishi, itafute filamu ya Anita and Me ya mwaka 2002: mswada aliuandika yeye, na humo ameigiza shangazi, bila mvi.