Ibara ya 26, polisi na wodi: majibu kwa wasomaji kuhusu kuavya mimba

Tangu Mahakama ya Rufaa ya Kenya itoe uamuzi wake Oktoba 2025, barua kuhusu sheria ya kuavya mimba zimekuwa nyingi, na nyingi zimejaa hofu. Tumechagua sita. Majibu yameandaliwa na wakili na mkunga wakishirikiana.

Wifi yangu alifika zahanati akitokwa na damu. Mimba ya miezi mitatu ilikuwa imeharibika yenyewe. Akaambiwa aende kwingine kwa sababu "mambo ya mimba sasa ni kesi". Kweli sheria imebadilika hivyo? (Msomaji, Kilifi)

Hapana, dada. Anayestahili kuulizwa maswali ni aliyemfukuza.

Kesi yenyewe ilianzia huko kwenu, eneo la Ganze, mwaka 2019. Msichana wa shule alifika kliniki akiwa na maumivu makali na damu. Afisa wa kliniki akamhudumia. Polisi wakaingia, wakachukua rekodi za matibabu, wakawakamata wote wawili. Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi aliamua kwamba huduma ya kuavya mimba ni haki ya msingi chini ya Katiba, kwamba kuwakamata kiholela wagonjwa na wanaowatibu ni kinyume cha sheria, na kwamba Bunge litunge sheria inayoeleweka. Mahakama ya Rufaa imeutengua uamuzi huo. Imesema kuavya mimba si haki ya msingi: ni jambo lililokatazwa, lenye ruhusa chache zilizotajwa.

Wengi wamesikia nusu ya kwanza ya sentensi hiyo tu. Ruhusa zenyewe hazijaguswa. Ziko katika Ibara ya 26(4) ya Katiba ya Kenya: mhudumu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai wa mama uko hatarini, au afya yake iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Hakuna jaji mwenye uwezo wa kuzifuta. Kwa kuwa zimo ndani ya sura ya haki za binadamu, kuzibadilisha kunahitaji kura ya maamuzi kwa mujibu wa Ibara ya 255.

Tena jambo la wifi yako haliko hata karibu na mabishano hayo. Mimba iliyoharibika yenyewe haijawahi kuwa kosa, na kumtibu mwanamke ambaye mimba imeshatoka, kwa njia yoyote ile, si kosa. Ibara ya 43(2) inasema hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inaiweka hospitali yenye uwezo wa kutibu dharura lakini ikakataa kwenye hatari ya faini isiyozidi shilingi milioni 3. Matibabu ni yaleyale, iwe mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa: kusafisha mji wa mimba mabaki yasibakie ndani, kuzuia damu, dawa za kuua vijidudu penye maambukizi, damu ya kuongezewa ikihitajika. Mabaki yakiachwa huoza, sumu huingia kwenye damu, na figo huwa miongoni mwa viungo vinavyofeli mapema.

Usingoje kesho ukiona haya: pedi kubwa mbili zinalowa ndani ya saa moja, na hali hiyo inaendelea kwa saa mbili, homa ya nyuzi 38 au zaidi, uchafu unaonuka, tumbo kuuma kwa kuzidi, kizunguzungu au kuzimia. Mgonjwa akikataliwa, omba sababu kwa maandishi, na uliza jina na cheo cha anayekataa. Mara nyingi ombi hilo pekee hufungua mlango.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya, Kakamega. "Maoni ya mhudumu aliyefunzwa" yanaandikwaje ili nisijikute kortini? Lazima madaktari wawili watie sahihi? Na dhamiri yangu ikikataa?

Sahihi ni moja. Habari ya madaktari wawili, mmoja wa magonjwa ya akili, ni desturi iliyokuwapo kabla ya Katiba ya 2010, na bado inawachelewesha wagonjwa wiki nzima kwa kitu kisichotakiwa. Sheria ya Afya, kifungu cha 6, inamtaja mhudumu huyo: daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki, aliyefunzwa stadi za kushughulikia matatizo ya ujauzito na mwenye leseni hai. Inaongeza sharti la mahali: kituo kinachotambulika kisheria chenye watu, vifaa na dawa za kiwango kinachotakiwa. Kwa hiyo kabla ya kufungua faili jiulize maswali matatu: leseni yangu inaisha lini? Cheti cha mafunzo yangu kiko wapi? Kituo chetu kimesajiliwa kwa huduma hii? Ukikosa jibu moja, mpe mgonjwa rufaa ya kwenda kituo kingine leo hiihii na uiandike.

Faili iandikwe wakati ule ule, si jioni baada ya zamu. Tarehe na saa. Umri wa mimba na jinsi ulivyoupata, kwa hedhi ya mwisho au kwa picha ya ultrasaundi. Malalamiko kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Vipimo: presha, mapigo, joto, wingi wa damu mwilini. Kisha ugonjwa au hatari uliyoiona. Kisha ile sentensi ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayobeba kila kitu: *kwa maoni yangu, kuendelea na mimba hii kunahatarisha uhai (au afya) ya mama kwa sababu hii na hii, hivyo Ibara ya 26(4) inahusika.* Halafu ridhaa iliyotiwa sahihi baada ya kuelezwa faida na hatari, ulichofanya, hali yake alipotoka, jina lako na nambari ya leseni.

Usiandike "afya iko hatarini" ukaishia hapo. Andika presha 170 kwa 115, protini kwenye mkojo, kifafa cha mimba kwenye uzazi uliopita. Sheria ya Afya inaieleza afya kuwa ni uzima kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii, si kukosa ugonjwa tu. Kwa hiyo hatari ya akili inahesabika, ila nayo ionyeshwe: hapati usingizi, amejaribu kujidhuru, ameacha kula. Faili tupu humfanya mwendesha mashtaka aseme maoni hayakuwapo, yamebuniwa baada ya kukamatwa. Tunaamini karatasi hiyo moja inalinda kuliko semina kumi.

Kuhusu dhamiri: Ibara ya 32 inakulinda usilazimishwe kutenda kinyume cha imani yako. Mwite mwenzako, au toa rufaa bila kumhubiria mgonjwa. Lakini dharura haina mlango huo. Mwanamke anayevuja damu mbele yako ni wako mpaka atulie.

Katiba inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Sasa ruhusa hizi zimetoka wapi, kama si ujanja wa wanasheria? (Mchungaji, Eldoret)

Mchungaji, kipengele unachokitaja ni Ibara ya 26(2), na kipo kweli. Kamati ya wabunge iliyokutana Naivasha Januari 2010 ndiyo iliyosukuma maneno ya uhai kuanza mimba inapotungwa yaingie kwenye rasimu. Kamati ya Wataalamu, iliyokuwa ikiandika rasimu, ikayabakiza, na katazo la kuavya mimba ikalifungulia mlango wa dharura na afya ya mama. Makanisa mengi yalipinga rasimu kwa sababu hiyo hasa, na yalisema hivyo hadharani. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya wakapiga kura, na takriban asilimia 67 wakaikubali yote kwa pamoja. Haikuchomekwa na mawakili usiku.

Kwa hiyo anayenukuu 26(2) bila 26(4) anasoma nusu, sawasawa na anayesoma 26(4) kana kwamba 26(2) haipo. Mtoto aliye tumboni ana uzito katika Katiba hii. Ndiyo maana kuomba tu hakutoshi, lazima mtaalamu aone hatari. Kubishana ruhusa ziwe pana kiasi gani ni haki yako na ya kanisa lako, na mahali pake ni Bungeni. Tunalosikitikia ni kwamba Bunge limekimbia. Miswada ya afya ya uzazi imewasilishwa zaidi ya mara moja, ikiwemo ya 2014 na 2019, na hakuna uliopita. Kanuni ya Adhabu ya enzi za ukoloni imebaki vilevile: miaka 14 kwa anayetoa mimba, miaka 7 kwa mwanamke, miaka 3 kwa anayempa vifaa au dawa. Vifungu hivyo, 158 hadi 160, vinasema "kinyume cha sheria", maana yake ipo njia iliyo ndani ya sheria, lakini havielezi ni ipi. Polisi anasoma Kanuni, muuguzi anasoma Katiba, na mgonjwa yuko katikati.

Utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba 465,000 hivi zilitolewa Kenya, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa madhara yake. Hao walikuwepo huku Kanuni ikiwa na makali yake yote.

Binti yangu wa miaka 15 amenajisiwa. Nianzie wapi, kituoni au hospitali? Na ikiwa ni mjamzito? (Mama, Nakuru)

Pole sana, mama. Anzia hospitali, kwa sababu saa ndizo adui. Dawa za kuzuia VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufaa ndani ya saa 120. Asioge, asibadilishe nguo kama inawezekana. Kama amebadilisha, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hushika unyevu na ushahidi huoza. Hospitali itajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, ile ya PRC. Hakikisha inatiwa sahihi na ubaki na nakala. Kisha kituoni: pata nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari. P3 haiuzwi. Matibabu ya aliyenajisiwa katika hospitali ya umma hayalipiwi. Ni kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006.

Ikiwa mimba imeingia, kuna hukumu ya Juni 2019 ya majaji watano wa Mahakama Kuu. Ilihusu msichana aliyebakwa akiwa na miaka 14, akaenda kutolewa mimba mafichoni, akazungushwa hospitali baada ya hospitali, figo zikafeli, akafariki Juni 2018. Miongozo ya Wizara ya 2012 iliyowaelekeza wahudumu ilikuwa imeondolewa Desemba 2013, na waraka wa Februari 2014 ukapiga marufuku hata mafunzo. Majaji walisema kuondolewa huko kulikiuka Katiba, na mama yake akapewa fidia ya shilingi milioni 3. Walisema pia mimba ya kubakwa au kunajisiwa inaweza kusitishwa, mhudumu aliyefunzwa akiona inahatarisha uhai au afya ya mama, akili yake ikiwemo. Ubakaji peke yake haujaandikwa kwenye Ibara ya 26(4). Unapita kwenye mlango wa afya. Kwa hiyo omba binti aonwe pia na mshauri wa afya ya akili, na maoni yake yaingie kwenye faili. Hakuna sharti la kungoja kesi ya mnajisi iishe, wala hata ifunguliwe.

Ninasoma sheria Dodoma. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, bila pingamizi. Mbona Kanuni ya Adhabu haijabadilika?

Kwa sababu Tanzania mkataba haugeuki sheria kwa kuridhiwa tu. Bunge lazima litunge sheria ya kuutekeleza. Itifaki iliridhiwa 2007, na Ibara yake ya 14(2)(c) inataja ubakaji, ngono kati ya maharimu na hatari kwa afya ya akili na mwili ya mama. Vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu viko palepale, kwa adhabu zilezile za miaka 14, 7 na 3. Kenya ni kinyume chake: Ibara ya 2(6) inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria, lakini kipengele hichohicho kiliwekewa pingamizi wakati wa kuridhia 2010.

Anayetafuta hoja kwa Tanzania asome kifungu cha 230, kinachomlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa uhai wa mama. Kisha kesi ya *Mehar Singh Bansel* ya 1959, ambapo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilifuata uamuzi wa London wa 1938 kuhusu daktari Aleck Bourne. Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi, akaachiwa huru, jaji akisema kuokoa uhai hakutenganiki na kuiokoa akili na mwili usiharibike kabisa. Kumbuka tu kwamba huo ni utetezi, unaotolewa ukiwa tayari kizimbani. Huduma kwa mwanamke ambaye mimba imeharibika ni halali Tanzania kama ilivyo Kenya.

Dada yangu amechukuliwa na polisi kutoka kitandani hospitalini. Wanamtaka aandike maelezo. Afanye nini? (Kijana, Mombasa)

Asitie sahihi chochote bila wakili. Ibara ya 49 inampa haki ya kunyamaza, ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, ya kuzungumza na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama au siku isiyo ya mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kukiri hakukubaliki mahakamani isipokuwa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo cha inspekta na kuendelea asiye mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu aliyemchagua mwenyewe. Maelezo yaliyoandikwa na konstebo kando ya kitanda hayafiki hapo.

Wewe leo fanya haya. Mwombe daktari aandike kwamba bado ni mgonjwa na anahitaji huduma, uchukue nakala. Nenda kituoni uchukue nambari ya OB, jina la afisa na saa aliyokamatwa. Waulize kama walikuwa na amri ya mahakama ya kuchukua faili lake. Kama hawakuwa nayo, mwambie wakili siku hiyohiyo, kwa sababu Ibara ya 31 inalinda faragha na ushahidi uliopatikana kwa kuivunja unaweza kupingwa. Kama huna pesa ya wakili, omba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Akipelekwa kupimwa ili kutafuta ushahidi, aseme kwa sauti kwamba hakubali, na wewe uandike saa aliyosema na waliokuwepo.