Maswali ya Wasomaji: Je, Harufu Husomeka Katika Muundo wa Molekuli?

SWALI: Shuleni tulifundishwa kwamba tabia za kila dutu hutokana na molekuli zake. Je, mkemia akiutazama muundo wa molekuli asiyoijua, anaweza kutaja harufu yake kabla ya kuinusa?

JIBU: Anaweza kukisia, na mara nyingi atakaribia, lakini kanuni ya kumhakikishia hana. Kwanza atapima kama dutu hiyo inageuka mvuke kwa urahisi, kwa sababu molekuli isiyoruka hewani haifiki puani; ndiyo maana chumvi ya mezani haina harufu. Kisha atatazama makundi ya atomi. Esta nyingi, yaani kampaundi zinazotokana na asidi na alkoholi, hunukia kama matunda, thaioli zenye salfa hunuka vibaya hata zikiwa chache mno, na trimethilamini ndiyo shombo la samaki. Ukilikamulia shombo hilo ndimu, asidi huigeuza trimethilamini kuwa chumvi isiyopanda hewani, na harufu hufifia papo hapo.

Mwongozo huo hukwama kwenye karvoni. Dutu hii ina sura mbili zenye atomi zilezile zilizoungana kwa mfuatano uleule, ila zinatofautiana kama mkono wa kushoto na wa kulia: moja hunukia mnanaa, nyingine kisibiti. Kwa kuwa zote mbili huchemka katika jotoridi moja, tofauti haitokani na mvuke, bali na vipokezi, yaani protini za seli za neva puani, ambazo huzishika sura hizo kwa namna tofauti. Kinyume chake, benzaldehaidi na sianidi ya haidrojeni, ambayo ni sumu kali, hazishabihiani kwa umbo, lakini zote husemwa kuwa na harufu ya lozi chungu.

Jeni za vipokezi hivyo zilielezwa mwaka 1991 na wanasayansi Linda Buck na Richard Axel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi. Molekuli moja huweza kuamsha kadhaa, na kipokezi kimoja hupokea molekuli nyingi, hivyo ubongo hutambua harufu kwa mchanganyiko wa ishara. Kwa maoni yangu, hapa ndipo swali lako lilipo gumu zaidi, kwani mchanganyiko huo hubadilika hata kwa kiasi cha dutu: indoli kidogo hunukia kama maua, lakini ikizidi hunuka kinyesi.