Alitambuliwa usiku na shahidi mmoja: tuandike nini kwenye rufaa?

SWALI: Wakili, mdogo wangu amefungwa miaka 30 na Mahakama ya Wilaya kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Shahidi wa kumtambua ni mmoja tu, mwenye duka aliyevamiwa saa tatu usiku, aliyesema alimwona "kwa mwanga wa taa". Gwaride la utambulisho, yaani shahidi kumchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, lilifanyika siku ya nne, na mwenye duka akamgusa bega mdogo wangu. Hukumu ina wiki moja sasa. Tufanyeje?

JIBU: Pole sana. Anza na kalenda. Hapa Tanzania, taarifa ya nia ya kukata rufaa Mahakama Kuu inatolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, kwa hiyo mna siku 3 tu. Msisubiri pesa ya wakili: mdogo wako aitoe hukohuko gerezani kupitia kwa mkuu wa gereza. Rufaa yenyewe ina siku 45, ila muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani) hauhesabiwi. Ziombeni kwa barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mahakama, maana ndiyo itakayothibitisha tarehe mliyoomba.

Kwenye sababu za rufaa, msiandike kwamba shahidi ni mwongo. Huenda si mwongo. Mtu aliyeelekezewa panga hulitazama panga, uso anauona kwa sehemu, na akili hujaza palipobaki bila yeye kujua. Akishamchagua mtu, kila anapoulizwa tena uhakika wake unaongezeka, na hakimu anamwona shahidi asiyetetereka. Ndiyo maana kosa la aina hii ni gumu kulinasa. Hoja yenu iwe hii: mazingira hayakuruhusu utambuzi wa uhakika.

Mahakama ya Rufani iliweka kipimo chake katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980. Ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka iondoe kila uwezekano wa kukosea. Basi mkipata mwenendo wa shauri, someni ushahidi wa mwenye duka mstari kwa mstari. Alimtazama mvamizi kwa muda gani? Kutoka umbali gani? Aliwahi kumwona kabla? Taa ilikuwa ya aina gani, ilikaa wapi, ukali wake ukoje, iliangaza eneo kubwa kiasi gani? "Mwanga wa taa" peke yake hautoshi, na ni juu ya upande wa mashtaka kuyaeleza hayo. Kama mwanga wenyewe ulikuwa tochi iliyoshikwa na mvamizi, hoja yenu inapata nguvu zaidi: anayemulikwa usoni huona mng'ao, anayemulika ndiye huona.

Kisha tazameni alichosema mara ya kwanza. Shauri la Marwa Wangiti Mwita la mwaka 2002 linasema kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa huongeza imani kwa shahidi, na kuchelewa bila maelezo kunapaswa kuishtua mahakama. Kama shahidi hakumjua mtu huyo kabla, alipaswa kueleza sura, kimo, mavazi au alama kabla ya gwaride. Bila maelezo hayo, gwaride halina cha kulinganisha nacho.

Gwaride lenyewe lina masharti yaliyotokana na shauri la Mwango s/o Manaa la mwaka 1936, na bado yanafuatwa Afrika Mashariki. Mtuhumiwa asimame kati ya watu wasiopungua 8 wanaofanana naye umri, kimo na mwonekano. Achague mwenyewe pa kusimama. Aambiwe anaweza kuwa na wakili au rafiki. Mpelelezi wa kesi asiliendeshe. Shahidi aambiwe kwamba mhusika anaweza kuwepo au asiwepo. Lakini swali ambalo familia nyingi hulisahau ndilo zito kuliko yote: je, shahidi alimwona mdogo wako kabla, akiwa na pingu kituoni au kwenye picha ya simu? Kama ndivyo, anaweza kuwa alitambua uso wa kituoni, si wa dukani. Angalieni kama jambo hilo liliulizwa mahakamani, kwa sababu rufaa husikilizwa kwa yaliyomo kwenye kumbukumbu na ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra.

Tahadhari moja. Kama mwenye duka alimfahamu mdogo wako kabla, hoja ya gwaride haina uzito, kwani gwaride ni la mtu asiyejulikana. Hapo bakini kwenye mwanga, umbali, muda, na kama alimtaja jina siku ileile. Hata ndugu wa karibu hufananishwa kimakosa.

Pia ushahidi wa shahidi mmoja hauzuii hatia, ila hakimu lazima aupime kwa uangalifu mkubwa na hukumu ionyeshe alivyoupima. Kama ameandika tu kwamba "shahidi alijiamini", nakilini maneno hayo kwenye sababu za rufaa na ukurasa wake. Mahakama Kuu, ikiwa ya kwanza kusikiliza rufaa, ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote.