Tulioolewa na Mume Mmoja, Tusijuane kwa Kinywa Chake

Hapa kwetu Unguja na Pemba si jambo la ajabu wanawake watatu au wanne kuwa wamepita katika nyumba ya mume mmoja, wengine kwa pamoja wakiwa wake wenza na wengine mmoja baada ya mwenziwe kwa talaka, kisha wakaendelea kuishi katika visiwa hivi hivi, wakikutana harusini, hitimani na bandarini Malindi, huku wakipitana kama watu wasiojuana. Mimi ni mmoja wa wanawake hao. Aliyenioa alikuwa ameshaoa na kuacha kabla yangu, na baada ya kuniacha ameoa tena. Na leo yule aliyenitangulia, ambaye ni mtu wa Wete, ni miongoni mwa watu ninaowaamini kuliko baadhi ya jamaa zangu wa damu. Naandika kwa ajili ya wanawake walio katika hali kama yetu, ambao bado hawajazungumza.

Ni lazima nieleze jinsi mume huyo alivyokuwa, kwani pasipo hivyo maneno yangu hayatafahamika. Alikuwa mtu wa kupendwa. Akikaa barazani watu hujaa, akiingia katika nyumba ya msiba wafiwa hupata nguvu, na mama yangu mzazi, ambaye hakuwa mwepesi wa kuridhika na mtu, alimkubali kabla mshenga hajamaliza maneno yake. Sisemi kuwa mtu wa namna hii ni mwongo katika kila jambo, wala sikusudii kumvunjia heshima baba wa wanangu. Lakini mwenye ulimi mzuri ana uwezo mmoja mkubwa ambao hatuutazami vya kutosha, nao ni kwamba yeye ndiye msimulizi wa pekee. Mke aliyetangulia nilimjua kwa simulizi ya mume tu: kwamba alikuwa mkali, kwamba hakuwa mtu wa kuridhika, kwamba ndugu zake wa Pemba ndio walioivunja ndoa. Asiyekuwapo na lake halipo. Nami nilipoachwa, mwenzetu wa tatu alielezwa mambo hayo hayo juu yangu, takriban kwa maneno yale yale, ila mahali pa ndugu wa Pemba waliwekwa ndugu zangu wa Fuoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mwanzo ni kwamba mwanamke asimhukumu mwenziwe kwa habari alizozipata kwa mume waliyeshiriki. Amsikilize mwenyewe, lakini achague wakati. Mwanamke aliye edani namshauri asubiri kwanza. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, eda ya aliyeachwa ambaye bado anapata hedhi ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi na hedhi, na ikiwa talaka ni rejea, mume ana haki ya kumrejea katika muda huo. Mazungumzo yatakayofanyika wakati huo huchanganyika na matumaini na hasira, na kila neno huonekana kama njama. Sisi tulikutanishwa na mtoto, muda mrefu baada ya eda zetu kwisha. Binti mkubwa wa mwenzangu alikuja Unguja kusoma, akabisha hodi kwangu na kusema, “Mama anakusalimu, na amesema nije niwaone wadogo zangu.” Nilimkaribisha ndani, nikampigia simu mama yake siku ile ile, na tangu hapo hatukuhitaji mtu wa kutupatanisha, kwa kuwa hapakuwa na ugomvi ila ule tuliosimuliwa.

Watoto ndio sababu iliyo nzito kuliko zote, na hapa naomba kina mama wanisikilize vizuri. Watoto wa baba mmoja ni maharimu, hawaoani. Visiwa vyetu ni vidogo, vijana hukutana skuli, vyuoni na makazini, na mzazi anayewaficha watoto wake kuwa wana ndugu Chake Chake au Mkoani anawaweka katika hatari ambayo hakuna radhi itakayoifuta. Kisha lipo suala la mirathi. Mtalaka ambaye eda yake imekwisha hana fungu katika mali ya aliyekuwa mume wake, na wake waliobaki katika ndoa, hata wakiwa wanne, hugawana thumni moja, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto. Lakini watoto wote waliozaliwa katika ndoa hizo hurithi, mwanamume fungu la wanawake wawili, bila ya kuangalia mama yupi aliachwa na yupi alibaki. Nimeona msibani watoto wakubwa wakitambulishwa kwa ndugu zao mbele ya jeneza, na nimeona mirathi ikipelekwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kukiwa na mtoto asiyetajwa kwenye orodha ya warithi kwa sababu tu kina mama hawakusemezana. Huo ni udhalimu kwa mtoto, na unaweza kuzuilika kwa mama mmoja kumpigia mwenziwe simu.

Jambo jingine ni mali. Mwenzangu wa Wete aliuza bangili zake za dhahabu na kutia fedha za mavuno ya karafuu ya shamba la baba yake katika nyumba ambayo baadaye mimi niliingia kama bibi harusi. Niliikuta nyumba imesimama na imeezekwa, na majirani walinieleza ni nani aliyesimamia mafundi. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imeipa mahakama hiyo mamlaka ya kusikiliza madai ya mgawanyo wa mali ya wanandoa pale panapokuwa na mchango halisi, na ugumu wa madai hayo ni ushahidi, kwa kuwa wake wengi hawaweki risiti. Nani anayejua kilichokuwemo ndani ya nyumba kuliko mke aliyeikuta? Nilikuwa tayari kueleza nilichokikuta, si zaidi ya hapo, na mume alipopata habari hiyo alikubali kusuluhishana naye mbele ya wazee.

Yapo pia ya kunyamaziwa. Mambo ya chumbani yasifunguliwe kabisa, hata kwa nia ya kufarijiana, kwa sababu Qur'ani imewaita mume na mke vazi la mmoja kwa mwenziwe, na talaka haimpi mtu ruhusa ya kumvua mwenziwe mbele za watu. Wala mkutano wa watalaka usigeuzwe kuwa baraza la kumpangia mume adhabu; nimeshuhudia urafiki wa namna hiyo ukivunjika mara tu mmoja wao aliporejewa.

Kuhusu kumwonya mwanamke mpya, msimamo wangu ni kuwa tusimwendee pasipo kuulizwa, ila tukiulizwa tusifiche. Fatma binti Qays, alipokwisha eda, alimtaka ushauri Mtume (S.A.W.) juu ya Muawiya na Abu Jahm waliomposa, naye akamwambia wazi kwamba mmoja hana mali na mwingine haiweki fimbo yake chini, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Wanavyuoni wameichukua hadithi hiyo kuwa dalili kwamba kutaja aibu ya mtu kwa anayetaka ushauri wa ndoa si kusengenya, alimradi kisizidi kinachohitajika. Basi binti anayeposwa na mtu aliyewahi kuoa, kabla ya kujibu posa, amtume shangazi yake au mama yake mdogo kwa mtalaka wa mtu huyo, akaulize watoto wanapata matumizi kwa utaratibu gani, mahari yalikwisha kulipwa au bado ni deni, na talaka ilitolewa mbele ya nani na cheti chake kiko wapi. Na mtalaka aliyeulizwa hayo ayajibu hayo, amkaribishe mgeni wake chai, kisha asiongeze neno.